VPN iko connecté lakini hakuna page inafunguka: niliyoyakuta kwenye DNS privé ya simu yangu

Wakuu, salamu kutoka Kalundu. Haya yamenipata mwenyewe. Nimeficha majina tu, chumvi sikuongeza.

Uvumilivu wangu uliisha Alhamisi asubuhi, mbele ya kibanda cha yule tunayemwita Ingénieur, anayegawia avenue yetu wifi. Mtoto analia mgongoni, Ingénieur amekamata simu yangu, anatabasamu.

"Mama Neema, shida ni ile VPN yako. Toa tu. Kwani weye iko na kitu gani cha kuficha?"

Nikamnyang'anya simu. Wateja wakageuka kutazama.

Niwaeleze. Minye nafanya kazi nikiwa nyumbani: nasikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kifuliiru, naziandika. Site ya kazi haifunguki bila VPN, ile njia ya siri inayopitisha intaneti yako kwenye serveur ya nchi nyingine; ndivyo walivyoiweka. Nilikuwa nimeshapitisha délai, siku ya mwisho ya kutuma kazi, mara mbili. Msimamizi akaandika: asipopata kazi Alhamisi saa sita mchana, nafasi yangu anampa mwingine.

Sasa dalili.

Nikiwasha VPN, inaandika connecté, lakini hakuna page inayofunguka. Nikiizima, wifi inaenda vizuri. Yeyote angesema VPN ndiyo mbovu, na Ingénieur alilisema hilo siku tatu mfululizo.

Nilibadilisha nchi ya serveur. Nikabadilisha DNS ndani ya VPN, nikaweka zile ambazo kila mtu anazitaja. Wapi.

(Kwa wasiojua: DNS ni kama daftari. Unaandika jina la site, yenyewe inakutafutia namba yake.)

Pale kibandani, kwa hasira, VPN ikiwa imewashwa, niliandika namba ya page ya majaribio iliyokuwa kwenye maagizo ya kazi. Namba tupu, bila jina. Ikafunguka.

Kumbe njia ipo, mwenye daftari ndiye hajibu.

Nikaingia mipangilio ya simu: paramètres, réseau, DNS privé, pale panapoandikwa daftari ambalo simu italiuliza popote iendapo. Nakuta jina la kibanda cha Ingénieur. Minye sikuliandika.

Wa hapa mnajua desturi yetu. Ingénieur hamwambii mtu mot de passe, neno la siri la wifi. Unampa simu, anageukia ukuta, anafunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha jibu kwenye examen. Sisi tunasubiri kwa adabu zote. Kumbe akimaliza mot de passe, anaendelea na mengine.

"Niliweka juu ya kuzuia video, zinamaliza débit, wifi inakuwa nzito," Ingénieur akasema polepole nilipomwonyesha.

DNS yake inajibu walio ndani ya wifi yake tu. Ukiwasha VPN, simu bado inamuuliza yeye, ila swali linamfikia likitoka nchi nyingine, naye anakaa kimya. Ndiyo maana wamama wa avenue yetu wakifika sokoni na mégas zao, intaneti waliyoinunua kwa simu, wanasema simu imekufa. Wanarudi kwake, anawaambia, "Munaona? Wifi yangu ndiyo ya kweli."

Bingwa kabisa huyu.

Kilichoniuma ni kingine. Anayekujibia DNS anaona jina la kila site unayoomba. Mwezi uliopita aliniuliza mbele ya watu, "Mama Neema, siku hizi weye iko unasoma mambo ya uzazi wa mpango?" Nikacheka, nikadhani anabahatisha.

Nikaweka DNS privé kwenye automatique, nikaiachia VPN itumie DNS yake, nikajaribu site ya kazi. Ikafunguka. Kazi niliituma saa sita kasoro dakika saba, nimekalia ndoo ya mteja wake. Nafasi yangu bado ipo.

Somo: ukiwa na VPN, iachie DNS yake yenyewe. Ikigoma, angalia DNS privé ya simu kabla ya kuilaumu. Na ukimpa mtu simu, angalia vidole vyake. Nyie wa mitaa mingine, fungueni sasa hivi mtuambie mmekuta jina la nani.

Mimi mchana uleule nilipeleka barua kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu. Nilipomweleza secrétaire wake habari ya DNS, akauliza huyo DNS anakaa wapi. Nikamwambia apige cachet, ule muhuri wao, tu kwenye nakala yangu. Hii hapa:

"Bwana Chef de Quartier, namshtaki mwenye wifi wa avenue yetu kwa kubadilisha paramètres za simu yangu bila ruhusa na kuchungulia ninachosoma. Naomba aitwe, aseme alichofanya kwenye kila simu aliyoshika, na azirudishe zilivyokuwa, moja moja, mbele ya watu, na mwenye simu awe ameishika mwenyewe."