Sentensi Iliyokatwa

Gazetini walimwita Bibi Afya, jina la utani lililomganda. Alianza kwa kuandika habari za mahakama. Mwandishi wa ukurasa wa afya alipoacha kazi, mhariri alimwambia, "Shikilia kwanza, tutatafuta mtu." Mtu hakutafutwa. Miaka ikapita akiandika kuhusu chumvi, usingizi na mgongo, huku mgongo wake mwenyewe ukimuuma kwenye kiti kilichovunjika egemeo.

Mtaani nako hakupumua. Hata msibani mtu aliweza kumfunulia mguu: "Hebu niangalizie hiki kipele."

"Mimi si daktari, dada."

"Aa, si unaandika wewe?"

Kisha ikaja habari ya juisi ya majani iliyosemekana kushusha presha. Aliwauliza madaktari, akaandika kwamba ushahidi hautoshi, na kwamba mgonjwa asithubutu kuacha vidonge vyake. Makala yalipotoka, onyo lile halikuwepo. Chini yake lilikaa tangazo la juisi hiyohiyo.

Alilalamika. Mhariri hakuinua hata macho. "Nafasi ilibana, mama. Sentensi moja tu."

Haukupita muda, binamu yake akapiga simu: mama mdogo, aliyemlea tangu utotoni, ameanguka jikoni. Alimkuta wodini mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Maneno yalitoka kwa kukokotwa.

"Vidonge niliacha. Nilisoma kwako, mwanangu."

Alitaka kumweleza habari ya nafasi na tangazo. Akaishia kumfuta mate.

Aliporudi ofisini na kusimulia yaliyotokea, mhariri alimpa pole, na masahihisho yakachapwa: mistari michache, chini ya chemshabongo. Nani ayaone huko?

Wenzake walidhani ataacha kazi. Hata yeye alidhani hivyo. Lakini tangu hapo, akimaliza kuandika haondoki. Husimama nyuma ya msanifu kurasa mpaka ukurasa wa afya ufungwe. "Hiyo usiiguse," husema, kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta. Msanifu humtania kwa kumwita polisi. Mhariri hupita zake.

Mama mdogo sasa hutembea kwa kushika kuta. Bibi Afya akienda kumtazama, mzee humeza vidonge mbele yake, kisha humkagua yeye.

"Umekonda. Unakula lakini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Basi jinyooshe hapo."

Naye huvua viatu, akajilaza kwenye kochi, na kabla pazia halijavutwa, usingizi umeshamchukua.