Saveta na Milango ya Bwawa

Saveta alikuwa mfungua milango wa bwawa letu la Izvorata, na mimi, Toader, mwenzake wa zamu. Kila majira ya kuchipua kazi ni ile ile: theluji ya mlimani ikianza kuyeyuka, unapunguza maji mapema ili yanayokuja yapate pa kukaa. Ukichelewa, yanakujia yote kwa pamoja. Ukiwahi na theluji ikayeyuka polepole, kiangazi mji wa chini unakaa na mabomba makavu, na matusi ni yako.

Mwaka mmoja Saveta aliwahi. Ofisi ya mto ilimruhusu, king'ora kikalia, akafungua. Maji yalipanda kidogo tu kwenye malisho ya ukingoni mwa mto, chini ya bwawa, lakini hapo ndipo mdogo wake, Gligor, alipokuwa na zizi, na siku hiyo Gligor alikuwa harusini, kalewa. Wanakondoo wake wengi, wa kuuzwa Pasaka, walikufa maji sikukuu ikikaribia. Kisha baridi ikarudi, theluji ikaganda tena, na mafuriko aliyoyaogopa hayakuja.

Asubuhi moja Saveta alikuta mwanakondoo mfu amening'inizwa kwa waya kwenye geti lake. Hakuuliza ni nani. Alimshusha, akamzika nyuma ya banda la kuni. Muuza mkate akaanza kumwambia, "Mkate umekwisha," na mikate imejaa rafu nyuma yake.

"Si king'ora kililia?" alimwuliza wifi yake Catrina, mke wa Gligor, walipokutana dukani hapo.

"Kililia, wifi. Kondoo hawajui king'ora."

Mwaka uliofuata Gligor alipanda mwenyewe hadi bwawani na bonge la jibini kwapani. Tangu msiba wa kondoo hakuwa amesema na dada yake.

"Dada, safari hii nivumilie mpaka Pasaka. Nikishawauza wanakondoo, fungua hata milango yote."

"Hamisha zizi, Gligor."

"Nihamishie wapi? Kitandani kwako?" Akacheka. "Umeshanila mara moja. Mara ya pili utavimbiwa."

Ofisi nayo ilikuwa imeagiza maji yazuiwe, maana wakubwa walichoka kelele za mabomba makavu. Saveta akazuia. Nilimwuliza anamzuilia nani, ofisi au mdogo wake. Akachukua kopo la grisi, akashuka kwenye milango.

Wiki ya kuelekea Pasaka upepo wa joto ulivuma, na mvua ikafuata. Mvua juu ya theluji haina mfano kwa ubaya. Kufikia adhuhuri maji yalikaribia ukingo wa juu, na bwawa letu ni la udongo: yakipita juu yake linakatika, na mji mzima unakwenda. Ofisi ikapiga simu kwamba tufungue. Nikawasha king'ora. Saveta akampigia mdogo wake.

"Gligor, toka huko. Nafungua yote."

"Unanitisha tu. Ulinikubalia."

"Sikukukubalia kitu. Toka."

"Ngoja nitoe kondoo."

"Siwezi kungoja."

"Utangoja," akasema, akakata.

Saveta akangoja. Kwenye dirisha la chumba cha zamu tulimwona Gligor, mdogo kama kidole, akiswaga kondoo kuelekea njia ya juu, na Catrina mlimani akimpungia mikono. Mkono wa Saveta ulikuwa kwenye swichi. Maji yalipoanza kulamba ukingo nilimwita jina. Akafungua.

Kondoo karibu wote walitoka. Gligor alirudi kumvuta dume aliyenasa kwenye ua wa zizi, na maji yakamkuta kamshika pembe. Tuliyaona hayo sote wawili. Walimpata chini ya daraja, na buti moja mguuni.

Ofisi haikumfukuza Saveta. Ilimpa onyo kwa kuchelewa kufungua.

Nyumba ya Gligor nayo ilisombwa, na Catrina hakuwa na ndugu mwingine mwenye paa. Padre akampeleka kwa Saveta. Tangu hapo wanalala vyumba viwili, jiko moja. Mgeni akiingia, Catrina humkaribisha vizuri, bila hasira.

"Keti. Huyu ni wifi yangu, ndiye aliyemwua mume wangu. Nikuwekee kahawa?"

Nilimwambia Saveta amkanye.

"Nimkanye nini?" akasema. "Kuna uongo hapo?"

Pasaka iliyopita walinialika. Kwetu mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi nyekundu hugonganishwa mezani, kila mtu na mwenzake, ndipo yanapoliwa. Catrina aligonga na mimi, akanitakia heri. Saveta akamnyooshea lake. Catrina alilitazama lile yai, akamenya la kwake kwa kidole gumba, akalitia chumvi, akala.

Mkono wa Saveta ulibaki hewani kidogo. Kisha akalipasua yai lake kwenye ukingo wa meza, akalila lote, akavaa koti kwenda zamu. Siku hiyo haikuwa zamu yake.