Nimeshusha lipikipiki mlima wa Daa, mwenyewe kaja kwa miguu

Leo jamani, shangazi yenu nimetikisa Daa!

Mtoto wa kaka yangu kanunua lipikipiki likubwa kabla hajajua kuendesha. Kufika mteremkoni kabana breki ya mbele, puu, chini! Na waumini ndio wanatoka kanisani.

"Shangazi, tumwite fundi alishushe," akaniambia.

Fundi wa nini?

Miaka ya themanini petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo baba alinifundishia pikipiki kwenye mlima huohuo, injini imezimwa. Nilijua breki na kona kabla sijajua kuwasha.

Nikakaza kitenge, nikalipanda, nikalishusha kimyakimya mpaka nyumbani.

Sasa ananuna, anataka funguo. Nimemwonea?

Funguo nimempa. Petroli yote nimeimimina kwenye dumu langu.

Mlima ule pale, aanze.