Mgeni Aliyetaka Kunishindia

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mtaanza kwa kucheka. Chekeni mmalize, ndipo msome. Mambo haya yalinifika mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Msambweni, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Asiyeamini asiamini, sikuja hapa kumbembeleza mtu.

Kwanza mjue kwamba mimi nacheza gemu. Ndiyo, mimi, ajuza wa miaka sabini na kitu, mwenye wajukuu tisa, niliyeishia darasa la tatu. Wala si yale ya mpira wanayocheza vijana kule Ukunda, kumi wamejazana chumba kimoja, mtu akifungwa anamlaumu mwenziwe. Langu ni la mtu mmoja. Ukishinda ni wewe, ukianguka ni wewe, hapana wa kumsingizia.

Nililianza kwa shida, si kwa raha. Mwaka juzi nilipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala kama tambara lililolowa. Hospitali wakanipa kijipira nikibinye asubuhi na jioni. Nilikibinya hata nikakichukia. Kitu kisichokujibu utakibinya mpaka lini? Ndipo mjukuu wangu Mejumaa, ninayeishi naye, anayefua nguo katika hoteli moja ya Diani, akaja na mashine ya gemu aliyoinunua kwa mwenzake aliyekuwa akirudi kwao Mackinnon Road. Akaniwekea mikononi kile kidude cha kubonyeza kinachoitwa padi. Akasema, "Bibi, bonyeza hiki uone."

Gemu lenyewe silijui jina, limeandikwa kizungu. Mimi naliita Ngome. Kuna mtu mmoja na taa yake, anashuka ngome ya mawe ghorofa baada ya ghorofa, na kila ghorofa ina mlinzi. Mlinzi akikupiga, au ukianguka shimoni, kioo kinazimika kiwe cheusi kama chini ya sufuria, pumzi tatu hivi, halafu unajikuta juu kabisa, mlango wa kwanza.

Mejumaa aliponiwashia mara ya kwanza, gemu liliuliza tunataka ugumu gani. Yeye, kwa huruma zake, akachagua wepesi. Nikawapita walinzi watatu siku moja kama napita sokoni. Na vidole? Vimelala vile vile. Nikamwambia, "Hebu rudisha palipo pagumu." Akasema, "Bibi, utakasirika." Nikamwambia, "Nimekasirika tayari."

Siku ile ndiyo kidole gumba changu kilipoanza kuamka.

Kwa hiyo msiniletee yale maneno yenu kwamba gemu gumu halina utu. Chakula ulichotafuniwa na mwenzio utakiitaje chakula? Lakini pia nisikilizeni vizuri: ugumu si dhuluma. Yule mlinzi wa ghorofa ya nne, mwanamke mkubwa mwenye mchi ambaye mimi namwita Bi Mchi, kabla hajapiga hunyanyua bega la kushoto. Kila mara. Ukipigwa, ni kwamba hukutazama bega. Huo ni ugumu wa haki. Kuna gemu jingine Mejumaa alinionyesha, jiwe linakuangukia kutoka juu bila dalili yoyote. Huo ni wizi, na aliyeliunda aone haya.

Basi. Wakati huohuo mwanangu Bakari, kifungua mimba wangu, alikuwa amekwisha kunipa muda. Yeye anakaa Ukunda na mkewe. Alikuja akaketi kwenye kiti, miguu akaikunjua, akasema, "Mama, Ramadhani ikiisha, ukifika Mfunguo Mosi na bado huwezi kukuna nazi kwa mkono wako, nakuja na gari. Utakaa kwangu. Chumba cha nyuma kipo." Chumba cha nyuma! Nikalishwe na mkaza mwanangu kwa kijiko, nyumba yangu ifungwe kufuli, popo waingie. Si mkaza mwana mbaya, lakini mimi kijiko chake sikitaki. Nikasema, "Mfunguo Mosi haujaandama."

Ikawa kila siku, Mejumaa akishakwenda kazini, nashuka Ngome. Mkono ulikuwa unarudi kidogo kidogo. Nilikuwa nimeweza kushika kikombe, nimeweza kufunga kanga. Nazi bado, maana nazi inataka kiganja kizima. Nilijiwekea ahadi: siku nitakayomwangusha Bi Mchi, kesho yake nitaketi juu ya mbuzi nikune.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Jua lilikuwa utosini, kuku wenyewe wamejificha uvunguni mwa gari bovu la jirani. Mlango nimeuacha wazi kwa joto. Nimekaa mkekani, macho kwenye bega la Bi Mchi. Nikasikia mlangoni, "Hodi."

Mara moja tu.

Nikajibu, "Karibu, pita, keti," wala sikugeuka.

Hapo ndipo kosa langu, na silifichi. Sisi tulilelewa tukiambiwa: saa ya jua la utosi, hodi ya mara moja haijibiwi. Binadamu hupiga tatu, na wewe huuliza nani, hugeuka, hutazama uso, ndipo husema karibu. Kisicho binadamu hakina subira ya hodi tatu. Hayo nawafundisha wengine tangu ujana wangu. Na siku ile nikayasahau kwa sababu Bi Mchi alikuwa ananyanyua bega.

Akaingia. Sikusikia viatu vikivuliwa. Nikahisi ameketi kuliani kwangu, mkekani, karibu sana.

"Unashindwa, mama," akasema. Sauti ya kijana, laini, kama mtu aliyekunywa maji ya kisimani sasa hivi.

"Naona mwenyewe," nikamjibu. "Wewe mtoto wa nani, hata shikamoo huna?"

Akauliza, "Umekaa na huyu muda gani?"

"Wiki ya sita."

"Wiki sita!" Akacheka. "Kwa kitu cha kuchezea? Lete nikumalizie mara moja, upumzike."

"Kwani nimekwambia nimechoka?"

"Umri wako umesema."

Ningegeuka nimtandike kofi, lakini macho hayakukubali kutoka kwenye kioo. Niaminini, shingo ilikuwa kama imeshikwa. Nikaona kwa pembe ya jicho upindo wa mkono wa kanzu, mweupe, haukuwa na hata alama ya jasho. Joto lile! Kisha kiganja chake kikaja juu ya mkono wangu wa kulia, padi ingali mkononi mwangu. Kilikuwa baridi. Si baridi ya maji, ni baridi ya jiwe lisiloota jua.

Na yule mtu wa taa akaanza kupiga.

Lo! Sikuwa nimepata kuona vile. Mchi ukishuka, yeye hayupo. Mchi ukizunguka, yeye yuko mgongoni. Ule mstari mwekundu wa uhai wa Bi Mchi, ambao mimi kwa wiki sita sikuwahi kuufikisha nusu, ukapungua, ukapungua, ukabaki kama ukucha. Sitawadanganya: nilifurahi. Moyo ulinidunda kama wa mwari. Nikasema hili pigo la mwisho nitalipiga mwenyewe. Nikakiambia kidole gumba kibonyeze.

Hakikuwepo.

Kilikuwepo kwa macho, lakini si changu tena. Vidole vyote vitano vimelala chini ya kiganja chake kama siku ile ya hospitali. Miezi yote ile ya kazi imekwenda, na mtu ananishindia vizuri.

"Bado kidogo tu, mama," akasema sikioni. "Wewe niachie."

Nani aliniambia kwamba Bi Mchi akianguka kwa mkono ule, wangu haurudi tena? Hapana aliyeniambia. Kuna mambo mwili huyajua wenyewe. Nikaona chumba cha nyuma cha Bakari. Nikakiona kijiko.

Sasa, padi ina sehemu mbili. Kulia ndiko kwa kupiga, kushoto ndiko kwa kutembea. Upande wa kulia alikuwa ameuchukua. Kushoto kulikuwa bado kwangu. Katikati ya ghorofa ile kuna shimo. Nikamgeuza yule mtu wa taa, Bi Mchi amebakiwa na ukucha wa uhai, nikamkimbiza mpaka ukingoni nikamtupa shimoni kwa kidole changu cha kushoto.

Kioo kikazimika.

Mnajua kioo kikizimika mchana kinakuwaje? Kinakuwa kioo cha kujitazamia. Nikajiona mimi, nimeketi. Nikauona mlango wazi na mwangaza wa nje. Nikaiona kanga yangu kwenye kamba. Kuliani kwangu, mkeka mtupu. Na huku kiganja bado kinanilemea mkono, na pumzi ninaisikia sikioni!

Nyinyi mnaochagua wepesi, ambao kioo chenu hakizimiki asilani, mngemwonaje?

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kwa hofu nikakosea katikati. Nikaanza upya. Nikakosea tena, nikaanza upya. Kuanza upya nimezoea.

"Bila mimi," akasema, na sasa sauti haikuwa laini, "utakufa papo hapo kila siku."

"Nitakufa na nitaanza tena," nikamwambia. "Wewe uliwahi kuanza nini cha kwako? Toka kwangu. Nyumba yangu, kushindwa kwangu."

Uzito ukaondoka. Shingo ikafunguka. Nikageuka: hapana mtu. Nikajikokota hadi mlangoni: hapana viatu. Uwanja niliufagia asubuhi, na mistari ya ufagio ilikuwa imelala vile vile kwenye mchanga, kuanzia kizingitini hadi barabarani, haikukanyagwa hata na kuku.

Mejumaa aliporudi alasiri alinikuta nimeketi kizingitini, mkono umelala mapajani. "Bibi! Mkono umefanya nini?" Akalia. Hospitali wakasema labda ni kiharusi kingine, kidogo. Sikumbishia daktari, yeye ana yake ayajuayo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alinisomea dua, akanitazama, akaniuliza, "Ulimwambia karibu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Nikarudi Ngome siku ya tatu yake, mlango wa kwanza, nikibonyeza kwa kifundo cha mkono maana vidole havikuwa na habari. Kidole gumba kikaja kwanza. Cha shahada kikafuata, na cha kati. Vile viwili vya mwisho havijarudi mpaka leo. Ni baridi. Kila siku jua likifika utosini huwa baridi zaidi, Mejumaa amevigusa, muulizeni.

Mfunguo Mosi ulipoandama, Bakari akaja na mkewe na gari, kiti cha nyuma kimewekewa mto. Akasema, "Mama, tumekuja." Nikasema, "Karibuni. Mejumaa, lete mbuzi."

Nikaketi. Nikashika kizio cha nazi kwa vidole vitatu na kiganja. Mara ya kwanza kikaniponyoka kikabingirika hadi miguuni kwa Bakari.

"Mama, acha, utajikata."

"Niokotee."

"Mama…"

"Bakari," mkewe akamwambia, "mpe mama nazi yake."

Nazi ambayo mwanamke mzima huimaliza maji hayajachemka, mimi niliianza wakati wa chai na nikaimaliza adhuhuri ikiadhiniwa. Nilijikata mara mbili. Palipoingia damu nikapatupa. Nikatia tui, tukala wali. Bakari alikula sahani mbili, akarudi Ukunda na gari lake na watu wale wale aliokuja nao.

Na Bi Mchi? Bado yu hai. Kwa vidole vitatu nimeshampunguza hadi nusu. Nitamfikia.

Lakini nyinyi vijana, chukueni haya. Mkisikia hodi, inueni macho, hata kama mlinzi wenu amebakiwa na ukucha. Na akija mtu, awe na viatu mlangoni au hana, akakwambia lete nikumalizie na wala hakuulizi unataka nini, tazama kwanza mkono wako uko wapi.

Bakari, kwa mapenzi yake, juzi alinipigia simu kwamba kuna fundi mjini anayeweza kulilegeza Ngome nimpite Bi Mchi bila taabu. Ijumaa walipokusanyika hapa, yeye na mkewe na Mejumaa na wajukuu, niliwakalisha wote mkekani nikawapa amri moja: mkiniona nimekwama, piteni nyuma yangu kimya, na anayeona uchungu kunitazama nikianguka, aende jikoni akatazame sufuria.