Ndiyo ya Musienene

Dodoso la mradi wetu wa mbegu za maharagwe lilifika mjini kwetu Butembo likiwa kwa Kifaransa, nami nikapewa kazi ya kuliweka katika Kiswahili. Nilijiona fundi. Swali la kwanza liliuliza kama familia imepata mbegu, nikaona limekaa kipolisi. Kwetu ukienda kuomba chumvi kwa jirani unauliza, "Hamuna chumvi?" Basi nikaandika kwa adabu hiyohiyo: "Hamukupata mbegu?"

Nilizunguka vilima vya Musienene wiki nzima na simu ya mradi mkononi. Mama mmoja mjane, mwenye shamba kando ya barabara, alinijibu "ndiyo" bila kusita. Nikabonyeza ndiyo, nikamshukuru, nikapanda pikipiki. Karibu watu wote wa kilima chake walijibu vile. Kwenye mkutano wa tathmini kule Beni nikaonyesha kwamba kilima kile kimekwisha kuhudumiwa. Mkubwa wangu akanisifu, na mifuko ya mbegu iliyokuwa imebaki ghalani ikapelekwa kwa watu wengine, kule Kasugho. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Wakati wa palizi nilitumwa tena, safari hii kuangalia maharagwe yanaendeleaje. Shamba la yule mama lilikuwa limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, lakini juu yake hapakuwa na kitu ila magugu machanga. Nikamuuliza, tena kwa sauti ya bwana mkubwa, mbegu amezipeleka wapi. Moyoni nilishaamua kwamba amezipika.

Akanijibu:

"Uliniuliza kama hatukupata. Nikasema ndiyo, hatukupata. Wewe uko mutoto wa hapa, ulisikia nini?"

Hata mama yangu mzazi angeitikia vile, na mimi mwenyewe pia. Niliona haya. Nikamwambia kosa ni langu, si lake, na kwamba ripoti nitaiandika upya siku hiyohiyo.

Akauliza kama ripoti itafika na mbegu kabla mvua haijaisha. Nikasema hapana, ghala ni tupu.

Hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Aliinama akaanza kung'oa magugu, huku akinieleza kwamba jirani alitaka kukodi shamba lile msimu huu, naye akamkatalia. Siku ile ya dodoso aliniona nikiandika jibu lake kwenye simu, nikasema aksanti, akajua mbegu zinakuja. Kesho yake akaanza kulima.