Kamera Iliyomjua Don Evodio

Kwa miaka mingi Obdulia Cuamatzi alikuwa mpiga picha wa mji mdogo wa San Bernabé, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyemwuliza kamera yake ina uzito gani. Waliuliza kama wametoka wanene. Waliuliza kama yule shemeji mlevi anaweza kufutwa. Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya plastiki, ya bei ya chini kuliko zote katika hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, zile anazouziwa mtu anayeanza. Ilikaa kwenye mkoba mmoja na leso na peremende za kuwanyamazisha watoto wa ubatizo, na haikumwonea mtu aibu.

Aibu ililetwa na don Evodio Lumbreras.

Don Evodio alikuwa amerudi kutoka kaskazini, ng'ambo ya mpaka, baada ya miaka ishirini ya kuezeka nyumba za watu wengine. Alirudi na gari refu kuliko uchochoro wake, na heshima ambayo bado alikuwa anaitafutia mahali pa kuiweka. Basi Itzayana, binti wa majirani zake Rutilio na Maricruz, alipokaribia kutimiza miaka kumi na mitano, na sherehe ya msichana kuuaga utoto ikagawiwa wadhamini kama ilivyo desturi, huyu gauni, yule keki, mwingine bendi, mwingine viatu, don Evodio alichukua udhamini wa picha. Alikuwa amelifikiria sana jambo hilo. Keki huliwa ikaisha siku hiyohiyo. Picha hutundikwa ukutani, na mdhamini wake akatundikwa nayo.

Wiki moja kabla ya sherehe aliingia dukani kwa Obdulia bila kuvua miwani ya jua.

"Dada Obdulia, utatumia kamera ipi?"

"Hii hapa."

Aliitazama kama mtu aliyeletewa supu yenye unywele.

"Hii? Si ya watoto wa shule hii?"

"Ndiyo iliyompiga Itzayana siku ya komunyo yake ya kwanza."

"Ndiyo maana kwenye picha ile amenuna."

Akaweka juu ya meza sanduku jeusi, akalifungua taratibu, kama padri anayefungua tabernakulo. Ndani, katikati ya sponji, ililala kamera ya wataalamu na lenzi yenye mdomo mpana kama bakuli.

"Shika. Shika, usiogope. Umesikia uzito? Hicho kihisi cha ndani, kile kinachopokea mwanga, ni kikubwa zaidi ya mara mbili ya chako. Kadi mbili: moja ikifa, nyingine ipo. Mvua ikinyesha, inyeshe tu. Na picha thelathini kwa sekunde moja!"

"Za nini?"

"Za nini nini?"

"Hizo thelathini. Huyo mtoto atacheza dansi na baba yake, hatafukuzwa na mbwa."

"Wewe bwana! Na hii lenzi, ukimpiga mtu, nyuma yote inakuwa ukungu. Ukungu laini kabisa. Hapo ndipo watu wanajua pesa imetumika."

Jambo la kusikitisha ni kwamba don Evodio hakusema uongo hata kidogo. Kamera ile iliona vizuri kwenye giza la ukumbi, mahali ambapo ile ndogo ilitoa picha zenye chengachenga kama unga wa mahindi. Ililenga haraka kuliko jicho. Ilikuwa bora kwa kila kipimo kinachoandikwa kwenye kijitabu cha maelezo. Obdulia aliijua tofauti hiyo, na alijua pia kwamba hajawahi kuishika mashine ya namna ile maishani. Mtu mwenye msimamo angeshukuru na kuirudisha kwenye sponji yake.

Obdulia aliikubali. Hakulazimishwa na shida yoyote. Aliikubali kwa sababu mkanda wake ulimkaa vizuri begani.

"Ila vitufe vya ndani usiviguse," alisema don Evodio. "Nimeshaipanga yote mwenyewe."

Obdulia alikuwa na taratibu mbili za kazi, na zilimtunzia jina kuliko mashine yoyote. Ya kwanza: kila familia aliiuliza ni picha gani moja ambayo ikikosekana, sherehe nzima imekosekana. Ya pili: alipiga tatu, kisha akatazama. Aliikuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akakagua macho, ndipo alipoendelea. Ilimchelewesha, na watu walimtania kwamba anakagua kama afisa wa forodha.

Utaratibu wa kwanza aliutimiza. Alimwuliza Rutilio, baba wa mtoto, fundi wa injini katika meli ya mizigo, mtu ambaye alikuwa baharini siku binti yake alipobatizwa, alipopata komunyo, na alipong'oka meno yote ya mbele. Safari hii alipewa siku tisa nyumbani.

"Nipe ile ya viatu tu," Rutilio alisema. "Pale ninapopiga goti, namvua vile vya kitoto namvalisha vya kisigino. Nyingine zote gawieni watu. Hiyo moja naenda kuibandika juu ya kitanda changu melini. Jumapili saa sita mchana basi langu linaondoka."

"Utaipata mkononi kabla hujapanda."

"Neno lako, dada?"

"Neno langu, Rutilio."

Jumamosi ilifika, na Obdulia akagundua utamu ambao hakuutarajia: watu walimpisha. Miaka yote alikuwa akipenya kwa kiwiko kati ya mashangazi, leo mashangazi wenyewe walisukumana, "Mpisheni, mpisheni mpiga picha!" Hata padri alimsubiri. Yeye mwenyewe hakuwa amebadilika chochote tangu Jumamosi iliyopita, ila kilo mbili za chuma kifuani.

Kwenye gurudumu la juu la kamera alitafuta ile alama ya kijani anayoizoea, ile inayoamua kila kitu yenyewe. Haikuwapo. Kamera ya wanaoanza humwuliza mtu anataka nini. Ya wataalamu hudhani anajua. Lakini alikumbuka kwamba imeshapangwa, na kweli, kila alipoinyanyua, kijisanduku kidogo cha kulengea kiliruka kikatua juu ya jicho la mtu na kutulia hapo. Ina akili, aliwaza. Akaiachia.

Saa kumi na mbili jioni, ukumbini, kiti kililetwa katikati. Itzayana alikaa ndani ya gauni la waridi lililojaa kiti na nusu ya sakafu. Rutilio alipiga goti. Bendi ilishusha sauti. Maricruz alishaanza kulia kabla hata kiatu hakijavuliwa. Na don Evodio, kwa kuwa mdhamini wa picha asiyeonekana kwenye picha ni hasara tupu, alijongea akasimama nyuma ya kiti, mkono mmoja kwenye egemeo, tumbo ndani.

Obdulia alibonyeza. Kamera haikutoa hata mlio. Thelathini, sitini, tisini. Kati ya picha nyingi hivyo, nani anapiga tatu na kutazama? Alichungulia mara moja kioo cha nyuma: picha ilikuwa ndogo, rangi zinang'aa, ukungu laini, uzuri mtupu. Akaendelea kuwapendeza mashangazi.

Jumapili saa mbili asubuhi alizifungua kwenye kompyuta ya dukani. Za viatu zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Aliikuza ya kwanza, na alichokiona kilikuwa masharubu ya don Evodio. Mtu angeweza kuyahesabu. Macho yake yaling'aa, na kwenye kila jicho ulionekana ukumbi mzima, umeakisiwa kwa uaminifu. Mbele yake kulikuwa na wingu la waridi na wingu jeusi lililoinama: hao ndio walikuwa Itzayana na baba yake. Akafungua nyingine, na nyingine. Altareni, don Evodio. Kwenye keki, don Evodio, na keki imeyeyuka. Katika picha moja alikuwa mbali kabisa mlangoni, anatafuna, na hata huko kamera ilikuwa imemfuata.

Akampigia simu.

"Ah, hiyo!" don Evodio alifurahi. "Si nilikwambia ina akili? Unaifundisha sura ya mtu muhimu, basi inamtafuta popote alipo. Niliiwekea yangu kulekule kaskazini, mke wangu alipokuwa anajifunza kupiga picha."

"Don Evodio, mtoto haonekani."

"Si ndiyo ukungu wenyewe!"

Obdulia alikaa mbele ya kompyuta, na njia za kujificha zilijipanga mbele yake kama wateja. Angeweza kumpa Rutilio picha ya mbali, ya kadiri, na kumwachia bahari imalizie. Angeweza kusema kadi imekufa. Kwa bahati mbaya kamera ya wataalamu ina kadi mbili, na mji mzima ulishaambiwa. Zaidi ya hayo, alijua vizuri kwamba kamera haikumdanganya mtu. Ilifanya kile ilichofundishwa. Yeye ndiye aliyejua kutazama na hakutazama, kwa sababu alikuwa anatazamwa.

Saa nne kasoro alichukua kamera yake ndogo, akaenda.

Nyumba ilinuka mchuzi wa mole uliopashwa moto. Begi la Rutilio lilikuwa mlangoni. Gauni lilisharudishwa kwa mkodishaji, na Itzayana alikuwa jikoni na kaptura na fulana ya timu ya shule, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Rutilio, sina picha yako," Obdulia alisema akiwa bado amesimama. "Nimeiharibu mimi. Nilijisifu na mashine nisiyoijua, wala sikuikagua. Neno nililokupa sikulitimiza."

Maricruz aliacha kukoroga.

"Hata moja?" Rutilio aliuliza.

"Za don Evodio zipo nyingi tu."

Itzayana alicheka kwanza, akajaribu kujizuia, akashindwa. Rutilio hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, kisha kamera ndogo mkononi mwa Obdulia.

"Viatu viko wapi?" alimwuliza binti yake.

"Baba! Miguu imevimba! Angalia malengelenge!"

"Nimeuliza viatu viko wapi."

Akapiga goti kwenye sakafu ya jikoni, akaufuta mguu kwa taulo la vyombo, akajaribu kuuingiza kwenye kiatu cha kisigino. Haukuingia. Akasukuma. "Aaaa! Baba, huo si mguu wa ngamia!" Akasukuma tena, ulimi nje kama fundi anayefunga nati iliyokataa, na binti yake akamshika kichwani kwa mikono miwili ili asianguke, akilia na kucheka.

Kamera ndogo ililia: kacha, kacha, kacha. Tatu. Obdulia akaikuza kwenye kioo, akakagua macho ya binti, akakagua ya baba. Nyuma yao kila kitu kilionekana bila ukungu wowote: sufuria, kalenda ya duka la dawa, kitako cha Maricruz.

"Ipo," alisema.

Aliichapisha dukani, akaifikisha kituoni saa sita kasoro dakika kumi. Rutilio aliitia ndani ya kitabu cha safari za meli, akampa mkono, akapanda. Hakusema kwamba amemsamehe, na Obdulia hakumwuliza.

Don Evodio alichagua moja ya ukumbini, akaikuza mita moja na nusu, akaitundika sebuleni kwake, na hadi leo huwaonyesha wageni lile wingu la waridi kuwa ndio ubora. Alirudi dukani na sanduku lake mwezi uliofuata, kwa ajili ya ubatizo mwingine alioudhamini.

"Ichukue tena, dada. Na hii nimeisasisha."

"Sura yako bado imo?"

"Imo, namba moja."

"Basi mpe kazi anayekupiga wewe," Obdulia alisema, akafungua mkoba kuhesabu peremende kama zinatosha.