Mama Viti Afumua Mshono Wake

Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Viti aliyavalisha magari ya watu, kisha yeye akarudi nyumbani kwa miguu. Kibanda chake kilikuwa na nafasi ya cherehani kimoja, meza moja na mteja mmoja. Wa pili alisubiri juani. Humo alishona viti vya teksi, vya malori, na mara moja vya gari la kubebea maiti. Vya gari hilo alivishona kwa uangalifu kuliko vyote. Abiria wa gari lile hawalalamiki, alisema, lakini dereva wake anahitaji pa kuegemea.

Kisha likaja tangazo, limebandikwa kwenye nguzo: barabara itapanuliwa, vibanda vyote vitabomolewa mwisho wa mwezi. Majirani walikimbilia kutafuta vibanda vingine. Mama Viti alikaa juu ya rundo la sponji, akafikiri mpaka chai ikapoa. Jioni alimwambia mumewe kwamba atanunua gari la mgongo mrefu, stesheni wagoni, aweke cherehani nyuma, awafuate wateja walipo. Leseni alikuwa nayo. Aliipata kwa jaribio la pili, akiwa na miaka arobaini na tisa.

"Na ukikosea?" mumewe aliuliza, kwa upole.

"Nikikosea nitakuwa sina kibanda wala gari."

Akiba yake ilitosha gari moja, mara moja. Kosa hilo lisingekuwa na kiraka.

Aliyejitolea kumwongoza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu anayemjua kila mtu na kujulikana na wachache. Alimpeleka kwenye yadi ya magari ya dalali mmoja aliyeitwa Asali, kwa utamu wa mdomo wake.

"Fanya haraka, shemeji," alimhimiza njiani. "Gari zuri halikai. Ukienda kutafakari, ukirudi unakuta alama za matairi tu."

"Na nisipotafakari, nitakuta alama za machozi."

Gari lenyewe lilikuwa la buluu, limeng'arishwa mpaka mawingu yakaonekana kwenye boneti. Asali alilizunguka huku akilipapasa kama farasi.

"Mama yangu, hili lilikuwa la daktari. Linatoka nyumbani, linakwenda hospitali, linarudi. Hata njia ya sokoni halijui."

"Basi mimi nitalipotosha," Mama Viti alisema, akafungua mlango.

Hapo moyo ukamyeyuka. Viti vilikuwa vya kijivu, vimeshonwa mara mbili kwa uzi mwekundu uliokolea, na kila kona imekunjwa ikatulia kama shuka la kitanda cha mgeni. Aliinama, akapitisha kidole chini ya kiti cha dereva. Akakuta mwisho wa uzi: mishono miwili ya kurudi nyuma na mmoja wa kukatisha, kama unyayo wa kifaranga. Hivyo ndivyo alivyofunga uzi tangu aanze kazi, na hakuna fundi mwingine aliyefunga hivyo.

Ilikuwa kazi yake. Miezi mitatu nyuma mwanamume mmoja alimletea vipimo kwenye karatasi na kifuniko kimoja cha kiti cha zamani ili akiige. Gari hakulileta. Yeye akashona, akalipwa, akasahau.

Sasa alijihisi kama mtu aliyekutana njiani na mtoto aliyemlea, amekua, amevaa vizuri. Alikaa, akashika usukani, akageuka kutazama nyuma. Tayari alikiona cherehani chake pale, na makopo ya vifungo pembeni. Tairi hakuzitazama. Boneti hakuifungua. Kadi ya gari hakuiuliza. Yeye aliyezoea kuwacheka wateja wanaochagua gari kwa rangi, alikuwa anachagua gari kwa mshono.

"Nalichukua," alisema.

Shemeji alianza kusugua viganja. Asali akatoa kalamu, na kwa kuwa asali ikizidi humwagika, akaongeza:

"Umeona mbali, mama. Na viti hivyo ni vya kiwandani. Tangu vitoke huko havijaguswa na mkono wa fundi."

Mama Viti aliachia usukani.

"Vya kiwandani?"

"Kabisa."

"Kiwanda cha wapi?"

"Ng'ambo huko, mama. Kwetu huku nani atashona hivi?"

Sifa ilikuwa kubwa, na ingekuwa siku nyingine angeipokea. Lakini wazo moja lilimpanda kichwani, baridi kama sindano ya asubuhi: mtu anayenidanganya kwa jambo ninalolijua, amenidanganya kwa mangapi nisiyoyajua?

Akatoa mfukoni kisu chake kidogo cha kufumulia, akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama! Mama! Unachana gari la watu!"

"Sichani, nafumua. Kiwanda kimekuja kukagua kazi yake."

Kwa mikono iliyoushona mshono ule, kuufungua ilikuwa kazi ya pumzi tatu. Alikifunua kitambaa. Sponji ya ndani ilikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka kiti chote, kama alama ya chai kikombeni, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mto. Chini yake springi zilikuwa zimeota kutu. Akauvuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake, pale ambapo hakuna anayeuvuta. Kipande cha mwisho kilikuwa kimekakamaa kwa tope kavu. Akainua zulia jipya. Mchanga.

Wanunuzi wengine walishasogea. Mama Viti akasimama, akakung'uta magoti.

"Daktari huyu," aliuliza, "alikuwa anakwenda hospitali kwa kuogelea?"

Yadi nzima ikacheka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kutia sahihi kwa gari jeupe aliirudisha kalamu mezani polepole, akaenda kuvuta mkanda wa gari lake.

"Ni mvua kidogo tu," Asali alisema. "Dirisha lilisahauliwa wazi."

"Mwanangu, maji yaliyomfika dereva kiunoni hayakupita dirishani. Gari hili limelala kwenye mafuriko. Leo linawaka. Kesho nyaya zinaanza kuoza mojamoja, na mimi nalisukuma mlimani na cherehani changu nyuma."

Asali akakosa utamu. Shemeji alitazama viatu vyake.

"Shemeji, Mungu anaona, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Hukujua, na bado ulikuwa na haraka."

Kabla ya kuondoka, alichomoa sindano kwenye ukosi wake, akapiga magoti tena na kuushona ule mshono. Asali alimtazama asielewe. "Uongo ni wako," alimwambia, "lakini kazi ni yangu. Siiachi wazi."

Safari ya pili hakumchukua shemeji. Alimchukua Spana, mwanamke mwenzake, fundi wa injini, mwenye maneno machache na vidole vyeusi. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu. Walikubaliana kukutana saa mbili asubuhi. Wao wakafika saa moja, kwa makusudi, ili wasikute injini imepashwa moto. Spana aliweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Akatikisa kichwa kukubali.

Gari lilikuwa na rangi ya uji uliopoa, na mlango mmoja umebonyea.

"Niseme yote," mwalimu alianza. "Dirisha la nyuma kushoto haliteremki. Oili linakunywa kidogo. Tairi mbili zimechoka. Na huo mlango niliubonyeza mimi kwenye lango langu mwenyewe; mke wangu alinicheka mwaka mzima."

"Mwalimu," Spana aliuliza, "unauza gari au unatubu?"

Liliwaka kwa mara moja, bila moshi. Walilinganisha namba ya chasi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Walilipandisha mlima, wakalishusha, wakakanyaga breki ghafla mpaka mwalimu akashika paji la uso. Mama Viti akauvuta mkanda wote: safi. Kiti cha dereva kilikuwa kimechanika, sponji imedidimia kiasi kile kile ambacho kilomita kwenye dashibodi zilidai. Kiti na saa ya kilomita vilikuwa na ushahidi mmoja. Akapunguziwa bei ya tairi mbili na dirisha, na malipo yakafanyika siku kadi ilipobadilishwa jina, si kabla.

Asubuhi ya kubomolewa, majirani walisimama kando ya mizigo yao wakingoja magari ya kukodi. Mama Viti alirudisha gari lake kinyumenyume mpaka mlangoni mwa kibanda, cherehani kikapakiwa. Alipotaka kuondoka, lilimzimikia mara mbili, na vijana wakashangilia kila mara.

"Shemeji, sogea nikuendeshee," alisema shemeji, aliyekuja kusaidia, au kuonekana.

"Kaa nyuma ushike cherehani kisianguke."

Akakaa nyuma, magoti kidevuni, amekikumbatia cherehani kwa mikono miwili. Mara ya tatu klachi ikatii. Gari lilipita kati ya vumbi na makelele ya trekta, likiongozwa na mwanamke aliyekunja uso kwa umakini na kushindwa kuzuia tabasamu.

Kufikia saa nne, upande wa pili wa mji, kwenye maegesho ya teksi, buti la gari lilikuwa wazi na madereva watano wamepanga foleni. Wa kwanza alikuwa ameshang'oa kiti chake, amekibeba kichwani.